Kila Faili Lina Kwao

Nyumbani kwetu Takaba, chumba cha mbele ni duka. Ndani yake mna meza, laptopu, printa, mashine ya kupiga kopi na dirisha linalotazama njia ya sokoni. Walimu huleta mitihani ichapwe, maalimu wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, huleta orodha za wanafunzi wao, na wazee huja na vitambulisho vipigwe kopi. Karo ya watoto wetu, kwa sehemu kubwa, hutoka chumba hicho. Printa ikigoma, nyumba nzima huwa tumbo joto.

Iligoma wiki ile ya mwisho ya kurudisha fomu za basari. Binti yetu mkubwa alikuwa ameitwa Chuo Kikuu cha Garissa, na fomu yake ilikuwa imejazwa kwenye laptopu, tayari kuchapwa, kutiwa sahihi na chifu na kupelekwa ofisini kabla ya Ijumaa. Haikuwa fomu yake peke yake. Nusu ya vijana wa mtaa wetu walikuwa wameleta zao katika flashi, na wengine walikwisha kulipa.

Chanzo cha yote kilikuwa wema. Shemeji alikuja kutoka Eastleigh kumsalimia mama yake, akaiona laptopu inavyojikokota, akaniambia, “Shemeji, hii mashine haijafa. Imechoka na mzigo.” Akahifadhi kazi zetu zote kwenye flashi, akafuta diski na kuweka Ubuntu mpya, mfumo wa Linux, toleo la 24.04 lililotoka Aprili 2024. Laptopu ikawa nyepesi, watoto wakashangilia, naye akapanda basi akarudi Nairobi. Printa hakuna aliyeijaribu mpaka fomu zilipofika.

Programu ya kuendesha printa tulikuwa nayo kwenye flashi, ileile ya miaka yote. Binti yangu akaiweka tena. Ilikuja na skripti ya kampuni iliyotengeneza printa, skripti inayonakili mafaili yake ndani ya mashine bila kuuliza kama mashine ina vitu ambavyo mafaili hayo yanavihitaji. Ikamaliza kimya, kana kwamba mambo yako sawa. Tulipotuma ukurasa wa kwanza, printa ilinguruma kidogo ikanyamaza. Kwenye orodha ya kazi za kuchapa, kazi yetu ilisimama na ujumbe mmoja mfupi: kichujio kimeshindwa. Kichujio ni ile programu ndogo inayogeuza ukurasa kuwa lugha ambayo printa inaielewa.

Hapo baraza la nyumbani likakaa. Ayeeyo, mama mkwe wangu, alisema fomu zote zitiwe kwenye flashi na kukabidhiwa dereva wa gari la Elwak, zichapwe huko na kurudi. Baba watoto alitaka laptopu yenyewe ipelekwe kwa fundi Wajir. Mpwa wangu, mtoto wa dada anayekaa nasi akisoma kidato cha tatu, alikuwa keshatoa simu na kuanza kutafuta. Binti yangu hakusema lolote. Alivuta kiti, akafungua terminali, dirisha la kuiandikia mashine amri, na kuanza kusoma alichokuwa akiambiwa na mashine.

Alichokuta kilituchanganya sote. Kichujio kilikuwepo. Aliorodhesha mafaili ya folda ya vichujio, tukaliona jina lake kwa macho yetu, na ukubwa wake, na tarehe yake. Alipokiita kwa jina hilohilo, mashine ikajibu kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo. Akaorodhesha tena: lipo. Akaliita tena: halipo.

“Hii mashine inasema uongo,” mpwa akasema.

“Haisemi uongo,” binti akamjibu. “Kuna kitu kingine kinachokosekana, na yenyewe imetaja jina la kile kinachokitafuta.”

Akaandika amri iitwayo `file`, ambayo kazi yake ni kueleza faili ni la aina gani. Jibu likawa refu, lakini ndani yake mlikuwa na mambo mawili yaliyofungua njia. La kwanza, kichujio chetu ni programu ya biti 32, na Ubuntu aliyoiweka shemeji ni ya biti 64. La pili, kichujio kinahitaji kufunguliwa na faili liitwalo `/lib/ld-linux.so.2`.

Msomaji ambaye hajawahi kukutana na jambo hili afahamu hivi. Programu nyingi za Linux hazibebi kila kitu ndani yake. Kazi zinazotumiwa na programu nyingi, kuandika maandishi, kuhesabu tarehe, kuzungumza na printa, huwekwa katika mafaili ya pamoja yaitwayo laibrari, na majina yake huwa na herufi `.so` ndani yake. Programu inapoanza, huitwa kwanza faili moja maalumu la kuikusanyia laibrari zake zote. Kwa programu za biti 32, faili hilo ndilo `ld-linux.so.2`. Lisipokuwepo, programu haiwezi hata kupiga hatua ya kwanza, na ujumbe unaotokea mara nyingi ni ule wa kupotosha: hakuna faili la jina hilo. Watu wengi hufuta programu nzima na kuiweka upya mara nyingi kwa sababu ya ujumbe huo, wakidhani wameinakili vibaya.

Sasa swali likawa: `ld-linux.so.2` linapatikana wapi? Katika Ubuntu, sawa na Debian iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, mafaili hayaji moja moja. Huja katika vifurushi. Kila kifurushi kina jina, kina toleo, kina orodha ya mafaili yaliyomo, na kina orodha ya vifurushi vingine kinavyovihitaji. Ugumu ni kwamba jina la faili na jina la kifurushi mara nyingi havifanani. Ukiomba kifurushi kiitwacho `ld-linux` hutapata kitu. Lazima kwanza uulize: faili hili ni la kifurushi gani?

Ipo amri ya `dpkg -S`, unaipa jina la faili nayo inakutajia kifurushi chenye faili hilo. Binti aliijaribu, ikajibu kwamba haijui. Sababu ni kwamba `dpkg` huangalia vifurushi vilivyokwisha kuwekwa kwenye mashine tu, na sisi tulikuwa tunatafuta kile ambacho hakijawekwa. Ya pili ni `apt-file`, ambayo hutafuta katika ghala lote la Ubuntu, hata vifurushi ambavyo hujawahi kuviona. Lakini kabla ya kujibu swali lake la kwanza, `apt-file` hutaka ishushe faharasa ya ghala zima, orodha ya kila faili lililomo katika kila kifurushi. Faharasa hiyo ni makumi ya megabaiti. Kwa mtu wa mjini mwenye waya wa intaneti nyumbani si kitu. Kwetu ni bando la data, na bando lenyewe tulikuwa tumelinunua kwa ajili ya kupokea mitihani ya walimu.

Binti akaliendea jambo kwa njia ya bei nafuu. Ubuntu wana ukurasa wa kutafutia vifurushi, packages.ubuntu.com, na ndani yake mna sehemu ya kutafuta kwa jina la faili lililomo ndani ya kifurushi. Faharasa inabaki kwao. Wewe unapeleka swali na kupokea jibu la mistari michache. Aliufungua kwa simu yangu. Akachagua toleo letu, ambalo kwa jina lake la ndani ni noble, akachagua aina ya mashine `i386`, ambalo ndilo jina la vifurushi vya biti 32, akaandika `ld-linux.so.2`. Jibu likarudi: kifurushi ni `libc6`.

“Habaryar, mbona `libc6` tunayo?” mpwa akaniuliza, akiniita mama mdogo kwa Kisomali, maana alikuwa amejifunza kuangalia orodha ya vifurushi.

Tulikuwa nayo kweli, lakini ya biti 64. Tuliyoihitaji ni ya biti 32, ikae pembeni ya ile ya kwanza. Mashine huruhusu hivyo ikiambiwa. Binti akaandika `sudo dpkg --add-architecture i386`, kisha `sudo apt update` ili apate orodha za vifurushi vya aina hiyo, kisha `sudo apt install libc6:i386`. Mashine ikasema kwamba `libc6` iliyopo lazima kwanza ipandishwe toleo, kwa kuwa hizo mbili haziwezi kukaa pamoja zikiwa na matoleo tofauti. Tukakubali. Megabaiti zikaanza kupungua huku tukizitazama.

Kabla ya Isha stima ikakatika. Stima ya Takaba hutoka kwenye mtambo wa hapa hapa mjini, hatujaungwa na gridi ya taifa, na betri ya laptopu yetu imezeeka. Binti aliifunga mapema isije ikazimika katikati ya kuweka vifurushi, maana kifurushi kikikatwa njiani huleta kazi nyingine ya kukitengeneza. Asubuhi tuliiunganisha na sola ya juu ya paa, ile ya kuchajia simu za majirani, na kazi ikaendelea.

`libc6` ya biti 32 ilipoingia, kichujio kikaanza kusema kweli. Hapo binti akatumia amri ya `ldd`, ambayo huorodhesha laibrari zote ambazo programu inazihitaji na kuonyesha kila moja ilipo. Usiku uliotangulia amri hiyo ilikuwa imekataa kabisa kukitambua kichujio, kwa sababu bila `ld-linux.so.2` haina njia ya kukisoma. Sasa iliorodhesha vizuri, na mbele ya majina mawili ikaandika kwamba hayakupatikana: `libstdc++.so.6` na `libcups.so.2`.

Mpwa alikuwa ameamka na shauku ya kusaidia. Tulipokuwa tunanywa chai, akatafuta jina la faili la kwanza kwa simu yake na kukuta tovuti inayogawa mafaili ya laibrari moja moja, bure, na kitufe kikubwa cha kushusha. Akashusha. Akalinakili kwenye folda ya printa. “Habaryar, nimelipata! Jina ni lilelile!”

Kichujio kikalikataa faili hilo palepale. Mashine ilieleza kwamba faili ni la jamii nyingine, biti 64, na programu ya biti 32 haiwezi kulitumia. Ndipo baba watoto, aliyekuwa anafunga kiatu aende msikitini, akaingilia. Yeye alikulia nyuma ya ngamia kabla ya kukaa nyuma ya kaunta.

“Ngamia akipotea,” akasema, “hatumtafuti kwa rangi, maana wenye rangi hiyo wako wengi. Tunatafuta alama ya moto iliyo mwilini mwake. Alama ndiyo inayosema ni wa ukoo gani na anakunywa kisima kipi. Ukileta nyumbani ngamia usiyejua alama yake, umeleta kesi.”

Mpwa akalifuta lile faili, na hakuna aliyemgombeza. Lakini nilimkalisha nikamweleza, na hapa naeleza tena kwa msisitizo, kwa kuwa kijana yeyote anaweza kufanya alivyofanya. Faili la laibrari ni programu. Likishaingia ndani ya mashine, linaendeshwa kwa mamlaka yaleyale ya programu inayoliita. Ukilichukua kutoka kwa mtu usiyemjua, hujui alichotia ndani yake. Hata kama ni safi, liko peke yake: hakuna orodha inayolijua, hakuna atakayelipandisha toleo siku kosa la usalama litakapogunduliwa ndani yake, na miaka ikipita hakuna atakayekumbuka lilitoka wapi. Orodha ya ghala rasmi huja na sahihi ya kidijitali inayokaguliwa na `apt`, na kila kifurushi hulinganishwa na orodha hiyo kabla ya kuwekwa, na kila unapoiboresha mashine, nacho huboreshwa.

Kuna pia njia ya mkato nyingine ambayo rafiki wa mpwa aliishauri kwa simu: kutengeneza kiungo chenye jina la laibrari inayotakiwa na kukielekeza kwenye laibrari nyingine inayokaribiana nayo. Binti aliikataa. Namba iliyo mwisho wa jina la laibrari imewekwa kwa makusudi. Waandishi wa laibrari wakibadilisha jinsi inavyoitwa na programu nyingine, hubadilisha namba hiyo ili programu ya zamani isije ikaitumia mpya kimakosa. Ukiidanganya programu kwa kiungo, huenda ikafunguka, halafu ikaharibu kazi mahali usipotarajia, na kosa lake litakuwa gumu kulifuatilia kuliko lile la kwanza.

Tukarudi kwenye ukurasa ule wa Ubuntu. `libstdc++.so.6` ikawa ya kifurushi kiitwacho `libstdc++6`. `libcups.so.2` ikatuletea jina lenye mkia: `libcups2t64`. Katika daftari la duka, kwenye ukurasa niliouandika shemeji mwingine alipotuwekea printa miaka iliyopita, jina lilikuwa `libcups2` basi. Binti alitaka kujua mkia huo ulitoka wapi, na alipousoma akatusomea sote, hata Ayeeyo akaacha ushanga wake akasikiliza.

Mashine nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Zile zilizohifadhi hesabu hiyo katika biti 32 zina kikomo: sekunde 2,147,483,647. Kikomo hicho kitafikiwa Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mashine zisizorekebishwa zitarudi nyuma mpaka mwaka 1901. Kwa ajili hiyo Debian na Ubuntu, mwaka 2024, waliyahamisha mamia ya laibrari kwenda kwenye hesabu ya biti 64, na vifurushi vilivyoguswa vikapewa mkia wa `t64` ili matoleo mawili yasichanganywe. Vifurushi vya `i386`, tulivyokuwa tunavitafuta sisi, vilipewa mkia huo pia, ila saa yao ya zamani imeachwa makusudi ili programu za kale ziendelee kufanya kazi. Jina lilibadilika, faili ndani yake halikubadilika. Asiyejua hayo hutafuta kwa jina la kwenye daftari la zamani. Anayeuliza faharasa kwa jina la faili hupata jina la leo.

Binti akaandika amri ya mwisho, `sudo apt install libstdc++6:i386 libcups2t64:i386`. Vikaja pamoja na vingine ambavyo vyenyewe vinavihitaji, bila sisi kuvitaja. Akaendesha `ldd` mara nyingine, kila jina likawa na mahali pake. Akatuma fomu yake. Printa ikanguruma, ikavuta karatasi, ikaitoa imejaa maandishi. Fomu za vijana wa mtaa zikafuata mpaka adhuhuri, na zote zilifika ofisini kabla ya Ijumaa.

Nimeyaandika haya kwa sababu naona nyumba nyingi za huku kwetu zina laptopu kuukuu zilizofufuliwa kwa Linux, na printa ambazo zitaendelea kuwa hapa miaka mingi baada ya kampuni zao kuacha kuzishughulikia. Programu za biti 32 nusura zipotee kabisa. Juni 2019 Ubuntu walitangaza kwamba wataacha vifurushi vya `i386`, na baada ya siku chache za malalamiko kutoka kwa watumiaji na watengenezaji wa michezo, wakakubali kubakiza vile vinavyohitajiwa zaidi. Kwa uamuzi huo duka letu bado linachapa.

Nawaomba watengenezaji wa printa na programu: msitupe skripti inayonakili mafaili na kunyamaza. Wekeni programu zenu katika vifurushi vinavyotaja wazi vinavyohitaji, na mashine zetu zitavitafuta zenyewe. Megabaiti mnazoziona ndogo, sisi tunazinunua kwa pesa ya unga.

Nanyi wenye maduka na nyumba zenye laptopu moja, shusheni `apt-file` na faharasa yake siku mliyo na bando la kutosha, kabla ya shida. Fedora wana `dnf provides`, na Arch wana `pacman -F`, kazi ni ileile. Tafuteni kwa jina la faili peke yake na si kwa njia nzima ya folda, maana `/lib` siku hizi huelekeza kwenye `/usr/lib` na jibu laweza kukukimbia. Hakikisheni aina ya mashine ni ile inayotakiwa na programu. Andikeni majina ya vifurushi vilivyotatua shida kwenye daftari, na tarehe.

Na mzazi ukimwona binti yako amekaa mbele ya terminali anasoma ujumbe wa kosa neno kwa neno wakati wengine wanataka kufuta kila kitu, mpe muda, mpe bando, na umwondolee kelele. Fundi unayetaka kumpelekea laptopu Wajir huenda ameketi hapo sebuleni kwako.